Nairobi hadi Lamu, Julai 2020: safari ya kwanza baada ya kufunguliwa

Nilirudi Nairobi siku ya Jumatano. Haya nimeyakusanya kutoka daftari langu dogo, risiti za basi na picha za simu, nikaona niyaweke hapa kabla hayajanitoka, na kwa ajili ya mwenzangu yeyote anayepanga kwenda pwani.

Kwanza sababu ya safari. Bibi yangu, mamake baba, alifariki Lamu Jumanne ya 19 Mei, kumi la mwisho la Ramadhani. Nairobi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona tangu saa moja jioni ya tarehe 6 Aprili: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Waliofiwa waliweza kuomba kibali cha kwenda kuzika, ila tangu mwezi ule wa Aprili, watu fulani walipotoka Nairobi mpaka Homa Bay na jeneza tupu wakisingizia msiba, kila aliyesema ana maiti alitazamwa mara mbili. Na sisi hatulazi maiti. Bibi alifariki baada ya alfajiri, alasiri akawa kaburini. Hata kama ningekuwa na mabawa, mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Nilimzika kwa simu, nimekaa kitandani Eastleigh, nasikia dua kwa mbali na upepo unavuma kwenye spika.

Tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba Nairobi, Mombasa na Mandera zitafunguliwa kesho yake saa kumi alfajiri. Niliomba likizo ya wiki tatu siku ile ile.

Siku ya kwanza, Jumamosi 11 Julai: Nairobi hadi Mombasa

Kafyu ilikuwa saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, kwa hiyo mabasi ya usiku tuliyoyazoea hayakuwapo. Basi letu lilipangiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli shilingi 1,700. Safari ya mwisho, Desemba, nililipa 1,000. Sababu ilionekana ukipanda: basi la viti 45 lilibeba 27, na viti vingine vilikuwa vimepigwa msalaba wa utepe mwekundu. Matatu ya abiria 14 nayo ilichukua wanane. Mafuta hayakupungua, dereva ni yule yule, basi wanane walilipia 14. Sikulalamika, nilishaiweka kwenye hesabu.

Mlangoni kijana aliyevaa glavu alitupima joto kwenye paji la uso na kuandika jina, namba ya kitambulisho na simu ya kila abiria. Asubuhi ya Julai Nairobi ni baridi ya kutetemeka. Mimi nilisoma 33.6, jirani yangu 33.1. Nikamwambia yule kijana kwa upole kwamba mtu mwenye joto hilo kweli ni wa kukimbizwa hospitali. Akasema kifaa kilikuwa kimelala nje, ameambiwa tu andika. Akaandika. Jambo hili lilinikaa moyoni njia nzima: kupima ili kupata namba ya kujaza, na kupima ili kujua nani ni mgonjwa, ni vitu viwili mbali kabisa.

Athi River ndipo mpaka wa Nairobi ya kufungiwa ulipokuwa. Kizuizi kilikuwa kimeshaondolewa, yamebaki mapipa kando ya barabara. Basi zima lilinyamaza tulipopita pale. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Alhamdulillahi," na mwingine akaitikia, "Asante Yesu."

Baada ya Emali barakoa zikaanza kushuka videvuni. Tukikaribia kizuizi cha polisi zinapanda, tukipita zinashuka. Kondakta, mtu mzima wa makamo, hakupiga kelele. Alisimama katikati ya basi akasema: "Ndugu zangu, mimi si polisi. Mama yangu ana sukari, naishi naye nyumba moja Miritini. Leo nalala kwake. Mimi napumua pumzi zenu saa tisa." Hakuongeza neno. Zikapanda, na mpaka Mariakani sikumwona aliyeishusha isipokuwa kunywa maji. Faini ya kutovaa barakoa ilikuwa shilingi 20,000 na kila mtu aliijua, lakini haikufanya kazi ambayo sukari ya mama yule ilifanya.

Mtito Andei tulipewa nusu saa. Ndoo yenye bomba, kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi, halafu meza za watu wawili. Chapati mbili, maharagwe na chai, shilingi 180. Tuliingia Mombasa saa kumi na moja jioni.

Kwa anayepanga: beba sabuni yako ndogo, ndoo nyingi za njiani zilikuwa na maji matupu. Beba na chakula, kwani vibanda vingi vilivyokuwa vinatulisha Voi na Maungu nilivikuta vimefungwa. Na lipa kwa M-Pesa unapoweza. Kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 hakukukatwa ada mpaka mwisho wa mwaka 2020, na unaepuka noti zilizopita mikono mia.

Siku ya pili, Jumapili 12 Julai: Mji wa Kale

Nililala kwa shangazi yangu, Mji wa Kale. Kwetu ukimkuta mkubwa unamshika mkono unaubusu. Nilifika mlangoni, mkono wangu ukaenda wenyewe, wake pia, tukakumbuka pamoja. Akaurudisha kifuani. "Marahaba mwanangu, ngia ndani," akasema, na mimi nilikuwa hata sijamwamkia.

Sikwenda popote siku hiyo. Nilikaa barazani upande wangu na yeye upande wake, akanihadithia mwezi wao. Mji wa Kale ulifungwa peke yake, pamoja na Eastleigh yangu, kuanzia tarehe 6 Mei. Kwa hiyo mimi na shangazi tulikuwa ndani ya kizuizi wakati mmoja, yeye huku na mimi kule, mpaka tarehe 6 Juni. Mitaa miwili ya biashara na misikiti, watu wameshikana nyumba kwa nyumba, na yote yakaanza katikati ya Ramadhani.

Yeye huuza mahamri na viazi karai kila jioni. Biashara ilikufa siku hiyo hiyo. Jirani wa ghorofa ya pili, mjane, alikuwa akishusha kikapu kwa kamba saa ya kufuturu. Shangazi anaweka bakuli la mbaazi za nazi, kikapu kinapanda, kesho yake kinashuka na tende au vipande viwili vya mkate wa sinia. Aliniinua nikakione kikapu chenyewe. Kamba imechakaa pale ilipokuwa ikisugua ukingo wa dirisha, nyuzi zimetoka kama ndevu. Mpaka leo bado wanakitumia.

Serikali ilitaka watu wajitokeze kupimwa. Wengi hawakutoka. Shangazi aliniambia wazi kwamba hofu haikuwa ugonjwa, hofu ilikuwa karantini: kuchukuliwa, kulazwa usikokujua, kisha kupewa hesabu ya kulipa kila siku uliyokaa. Habari hizo zilikuwa zimeenea tangu Aprili, na hata waliposema serikali itagharamia, neno la kwanza lilikuwa limeshazunguka vichochoro vyote. Kilichomtoa yeye ni msichana wa mtaani, mhudumu wa afya ya jamii, aliyekuja siku tatu mfululizo, akisimama chini bila kupanda, akimjibu swali kwa swali. Nani atajua majibu yangu? Nikipatikana nao, mahamri yangu nani atayanunua? Nikifa huko, nani atanikosha? Siku ya nne shangazi alivaa buibui akaenda kupimwa, na wanawake watano wa kichochoro kile wakamfuata.

"Yule mtoto hakunitisha," aliniambia. "Alinipokea maswali yangu."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari usiku ule.

Siku ya tatu, Jumatatu 13 Julai: Mombasa hadi Lamu

Tuktuk saa kumi na moja alfajiri, shilingi 200. Basi la Lamu liliondoka saa kumi na mbili na robo, nauli 1,500. Siku hiyo hiyo treni ya Nairobi ilikuwa inaanza tena kubeba abiria, na kwenye basi ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Daraja la Mtwapa, Kilifi, Malindi, njia ninayoijua macho yamefumba. Tangu Kilifi na Kwale zilipofunguliwa mwanzoni mwa Juni na Mombasa ikabaki imefungwa, daraja la Mtwapa lilikuwa limetenga watu na kazi zao kwa mwezi mzima. Sasa tulipita kama zamani.

Malindi ndiko tulikochelewa. Saa tatu na nusu jua limeshachoma, na waliopandia hapo walikuwa wamepangwa foleni nje, mita moja moja, bila kivuli. Mwanamke mmoja kijana alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa leso mbili, na mfuko wa nazi kichwani. Kifaa kikasoma 38.1. Aliyekuwa akipima akasema hapandi. Watu waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma kwa pamoja, kama maji yanavyojitenga na mafuta. Yeye hakusema kitu, alibaki ameshika mfuko wake wa nazi kwa mikono miwili.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele akashuka. Alijitambulisha kuwa muuguzi mstaafu. Hakugombana na mtu. Alisema: "Mwanangu, umemtoa juani na mzigo, na mtoto amemlalia mgongoni. Mweke kivulini, mtue mtoto, ngoja dakika kumi na tano, umpime tena. Akiwa bado juu, mimi mwenyewe nitamsindikiza hospitali." Dereva akatazama saa, akazima injini. Baada ya robo saa: 36.9. Wakampima mara ya pili ili kila mtu aone. Akapanda, na yule mzee akampa kiti chake cha dirishani ili apate upepo. Nazi nilizipokea mimi nikaziweka juu ya kabati la mizigo.

Nimelifikiria tukio hili sana. Kipimo kilikuwa sawa na kanuni ilikuwa sawa, homa lazima izuiwe. Bila mtu wa kukijua kipimo, mama yule angeachwa Malindi na watu wangeondoka wakiamini wameokoka.

Kutoka Malindi mpaka njia panda ya Minjila ni tambarare na usingizi. Baada ya hapo ni vizuizi vya usalama, na anayeijua njia ya Lamu anajua: mnashuka wote, kipande, yaani kitambulisho, mkononi, mnapita kwa miguu, mnapanda upande wa pili. Safari hii iliongezeka ndoo ya maji na sabuni. Kizuizi kimoja tulikaa karibu saa nzima bila maelezo. Kingine ofisa kijana alituomba radhi kwa kutusimamisha juani, akatuonyesha mti. Ni dakika zilizotofautiana tu, lakini watu walimwombea dua yule wa pili mpaka Witu.

Mokowe tulifika saa tisa na nusu. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo wa kusini, bahari imechafuka hata kwenye mlango ule, na boti iliyozoea kubeba abiria 20 siku zile ilibeba 12. Nauli 200 badala ya 100. Mtandao ulikuwa umekatika, M-Pesa haiendi, na mimi nilikuwa nimebaki na sarafu. Nahodha akanitazama, akauliza mimi ni wa nani. Nikamtajia jina la baba. "Ngia," akasema. "Mama yule alinifunza chuo. Utalipa mtandao ukirudi, usiporudi basi." Alikuwa anamsema bibi yangu, na chuo ni chuo cha Kurani. Nilimlipa usiku huo. Akanijibu kwa ujumbe: "Mungu amrehemu."

Kwa anayepanga: usitegemee simu peke yake kwa malipo ya Mokowe, weka shilingi 500 taslimu mfukoni. Ondoka Mombasa mapema kadiri unavyoweza, maana basi likiharibika baada ya Garsen, giza litakukuta njiani.

Lamu, 13 hadi 26 Julai

Baba alikuwa amesimama gatini, na mtoto wa dada yangu, miaka 11. Kwetu mgeni habebi mzigo wake. Hata ukitoka sokoni na kikapu, mtoto wa mtaa anakupokea. Yule mtoto alinijia mbio mikono mbele, na baba akamwita kwa jina. Akasimama. "Leo abebe mwenyewe," baba akasema. Tukatembea, wao mbele, mimi nyuma hatua nne na begi langu, punda wakitupita katikati.

Nilikuwa nimeliomba mimi mwenyewe jambo hili kwa simu. Baba ana miaka 64 na presha, na mimi nilikuwa natoka mji wenye wagonjwa wengi kuliko yote nchini. Sheria haikunilazimisha: ukishaenda ndani ya nchi, hakuna anayekuuliza utalala wapi. Lakini nilikuwa na siku 14 za kutoa na niliamua kuzitoa. Nilikaa sabule ya juu, chumba cha wageni chenye ngazi yake kutoka dakani, ukumbi wa mlangoni. Sinia lilikuwa likiachwa kwenye kidato cha tatu: mkate wa mofa, samaki wa kupaka, siku za Ijumaa pilau. Nasikia hatua zinaondoka, ndipo nashuka.

Siku nyingi hazina cha kusimulia, ila Ijumaa ya 17 Julai nitaieleza. Dirisha langu linatazama msikiti wa mtaa. Misikiti na makanisa yalikuwa yameruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, wa chini ya miaka 13 na wa zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Mazulia yalikuwa yametolewa, kila mtu amekuja na msala wake na udhu wake. Mlangoni alisimama kijana mwenye tasbihi ya punje 99. Kila anayeingia anavuta punje moja. Ilipofika kwenye kichwa cha tasbihi akainua mkono. Imamu alikuwa ndani, wametimia mia. Waliobaki, kama ishirini hivi, walirudi bila neno.

Na wazee? Baba amekuwa akiswali safu ya kwanza msikiti ule tangu mimi sijazaliwa. Ijumaa hiyo alivaa kanzu yake, kofia ya vito, akajipaka udi, akatoka akaenda kukaa baraza ya nyumba inayokabiliana na msikiti. Wakaja wengine watano, kila mmoja na baraza yake. Khutba ilikuwa fupi, dakika saba au nane. Walisikiliza wameinamisha vichwa. Watu walipoanza kuswali ndani, wao waliinuka, wakaenda kila mmoja nyumbani kwake kuswali adhuhuri rakaa nne. Nilimwona baba akipita chini ya dirisha langu, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Naikubali kanuni ile. Ugonjwa huu unawaua wazee zaidi, na mimi mwenyewe nilijitenga na baba kwa sababu hiyo hiyo. Ila naomba wanaoziandika wakumbuke kwamba mtu wa miaka 64 aliyekatazwa safu ya kwanza amenyang'anywa kitu, na astahili kuambiwa kwa heshima, mlangoni kwake, si kupitia bango.

Jumatatu 27 Julai: makaburini

Asubuhi nilishuka ngazi, baba akanisubiri chini. Hakunipa mkono. Aliniwekea kiganja kichwani, kama nilivyokuwa mtoto.

Alasiri binamu yangu alikuja tuzuru kaburi. Nilichukua ndoo ya maji na shina la mrehani wa kupanda. Alinipitisha njia ile ile waliyopita na jeneza, na akanieleza, kwa sababu nilimwomba.

Mazishi ya Lamu, anayeyajua anayajua. Jeneza halibebwi na watu wanne, linabebwa na mji. Unaliweka begani hatua kumi, kumi na tano, na kabla hujahisi uzito mwingine ameshaingiza bega lake, amekupokea, na nyuma yake kuna mwingine anayengoja thawabu zake. Linakwenda juu ya vichwa kama linaelea. Siku ya bibi walikuwa 15 kwa hesabu, pamoja na sheikh, wachimbaji na baba. Wenye mabega ya kubeba walikuwa sita. Wanne chini ya jeneza, wawili wa kubadilishana, kuanzia nyumbani mpaka huku, vichochoro vyembamba, na wote wamefunga.

Kwenye kona moja, karibu na kisima, akasimama. "Hapa nilibadilisha bega," akasema. "La kulia lilikuwa limekufa ganzi." Watu walikuwa wamejaa milangoni na madirishani, wanaume wazima waliosomeshwa na bibi juzuu zao za kwanza, wanasoma Fatiha kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeteremka. Fundi mmoja wa majahazi, jirani yetu wa miaka yote, alitoka mpaka ukingo wa baraza yake, mikono ameinyosha mbele kama anayetaka kupokea, na akabaki hivyo, mikono hewani, mpaka jeneza likapita.

Binamu alifungua kifungo cha juu cha kanzu akanionyesha bega. Miezi miwili na zaidi, na bado palikuwa na alama nyeusi, upana wa vidole viwili.

Tukaendelea. Ndoo ilikuwa imejaa na mpini wake wa waya ulikuwa unanikata. Sikusema. Tulipopita ule ukuta wa mwisho wa nyumba, mchanga unapoanza, alinyosha mkono bila kunitazama akanipokea.